Juu Kwanza, Kisha Bomba

Lakeland, Florida
20 Novemba 1996

Kwako Lonnie Racette,

Hujambo kijana. Mimi ni Hilja Pelkola, mke wa marehemu Arvid. Tumeonana mara moja tu, siku ile ya ibada kanisani, ukaniambia pole huku unatazama viatu vyangu. Anwani yako nimeipata kwa Burt, jirani yenu hapo kambini. Anasema simu huipokei, ikilia unatoka nje. Basi nakuandikia. Arvid alinieleza kwamba siku hizi unasoma. Kama unasoma polepole si neno, hata mimi naandika polepole, vidole vimekaza.

Trela la Arvid bado liko palepale ukingoni mwa ziwa, na vitu vyake vyote vimo ndani. Sijavigusa. Aprili theluji ikiisha nakuja kuvitoa. Nakuja na majivu yake vilevile, nimzike kwenye kaburi la baba na mama yake, kama alivyotaka. Nataka nilikute paa limesimama. Unajua wewe theluji ya huko, na unajua paa la trela lilivyo, bati juu ya mbao za kreti. Wewe ndiye uliyekuwa unalifagia alipokuwa hai. Naomba unifagilie na msimu huu.

La pili, uniandikie unachokiona, kama kilivyo. Burt akinipigia ananiambia mambo ya kunifurahisha. Mimi sitaki kufurahishwa.

Hilja Pelkola


Kambi ya Ziwa, trela namba 4
Keweenaw, Michigan
6 Desemba 1996

Bi Hilja,

Salamu. Barua nimeipata. Nimeisoma kwa siku mbili, shangazi akanisaidia neno moja tu, lile la kreti. Mwandiko wangu mbaya, unisamehe.

Nimeshaanza kazi. Theluji imefika kiunoni, na ubavuni mwa trela lenu, ile niliyoivuta kutoka paani, imefika kwenye bega la mtu. Ziwa halijaganda bado, basi upepo ukitoka huko unatubebea nyingine. Nimefagia mara nne. Sipandi juu. Mzee Arvid alikuwa anasema mtu akipanda paa la trela anashukia jikoni. Nasimama chini na ile reki ya mpini mrefu, navuta. Siondoi yote, naacha kiasi cha kiganja, maana ukikwangua bati linachanika. Yote hayo nilifundishwa na yeye. Kuna utaratibu wake wa kufuata, sitakuchosha nao.

Hata kuandika huku alinifundisha yeye. Shule niliacha mapema. Nilikuwa nakaa nyuma, mwisho mwalimu akaacha kuniuliza. Sasa nikimaliza paa, Mzee Arvid alikuwa anagonga ukuta kutoka ndani kwa kikombe chake cha bati, mara mbili. Maana yake kahawa tayari. Naingia, ananipa kahawa na mkate wa iliki, kisha anafungua gazeti, anaweka kidole kwenye mstari, ananiambia haya bwana mdogo, nisomee habari za wakubwa. Nikikosea hacheki. Anasubiri tu.

Paa liko salama. Burt anakusalimu. Amenitania juzi, kasema nikisimama nilivyosimama, kimya, theluji itanifunika na watu watanichanganya na kisiki.

Lonnie Racette


Lakeland, Florida
17 Desemba 1996

Lonnie,

Ahsante. Umenifanya nisikie harufu ya ule mkate. Iliki alikuwa anatwanga mwenyewe, hakutaka ya kopo.

Nina swali, na nimelizunguka karibu mwaka mzima. Nakuuliza wewe kwa sababu Burt anasema ulikuwa na macho kuliko wote pale kambini, unaona mtu amebadilisha kamba za viatu.

Wewe ulikuwepo siku ile. Bwana wa kaunti aliyechunguza kifo aliniambia kwenye simu ni moshi wa hita uliomuua, akanieleza mambo mawili. Kwanza, kile king'ora cha kunusa gesi kilikuwa darini lakini betri hazimo, zimetolewa kwa mkono. Pili, lile bomba la hita linalotokea ubavuni, la kutolea moshi, lilikuwa limezibwa na theluji. Akasema pengine ni ya upepo. Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema ilikuwa ngumu kama saruji, imeshindiliwa. Mimi nimezaliwa huko, Lonnie. Theluji ya upepo haishindiliwi. Ukiitia mkono, unazama.

Hebu niambie. Siku zile za mwisho alikuwa na huzuni?

Hilja


Kambi ya Ziwa
4 Januari 1997

Bi Hilja,

Nimechelewa kujibu. Theluji imeanguka wiki nzima bila kupumua, nina mapaa tisa ya kufagia, pamoja na lenu kumi.

Hakuwa na huzuni. Alikuwa na mafua. Betri nilimwona mwenyewe akizitoa, siku kama kumi kabla. Alizitia kwenye redio asikilize mpira wa magongo wa barafuni, akasema lile dude la darini linapiga kelele hata akikaanga yai. Akasema atanunua nyingine akienda mjini. Barabara ikafungwa.

Hilo ndilo ninalojua kuhusu betri.

Kuna jambo jingine sijui kama nikwambie, lakini ulisema nikuandikie ninachokiona. Hili sikuliona, nimelisikia. Nikimaliza kufagia paa lenu, napiga reki chini idondoshe theluji, na hapo nasikia ko, ko, kutoka ndani. Mara mbili. Mlango umefungwa kwa kufuli na ufunguo ninao mimi mfukoni. Mara ya kwanza nilidhani ni bati linajinyoosha baada ya kutuliwa mzigo. Mabati huwa yanalia. Lakini nimefagia matrela mengi, Bi Hilja, na bati likilia halilii pale pale kila siku. Linagongwa pale palipo meza yake.

Siingii. Naondoka.

Shangazi anasema nile vizuri.

Lonnie


Lakeland, Florida
14 Januari 1997

Lonnie kijana wangu,

Nimeisoma barua yako na nimekuelewa. Wewe ni mtoto mwema. Nimekuuliza habari ya theluji iliyoshindiliwa, ukanijibu habari ya betri na redio. Mtu asiyejua husema sijui. Wewe umeruka. Kwa hiyo uliona kitu, na unanificha kwa kunihurumia.

Usijisumbue tena, mwanangu, ninajua. Na kwa kuwa umejaribu kunibebea mzigo, acha nikuonyeshe mzigo wenyewe.

Trela lile tulilinunua tuwe tunahama nalo. Tuliuza nyumba, makusudi, majira ya baridi tushuke nalo huku kwenye jua kwa binti yetu. Arvid akaliegesha hapo ziwani akasema hatoki. Miaka sabini amekoroga theluji, akaona akiiacha ataitwa mzee. Tukagombana miezi miwili. Nikapanda basi peke yangu. Tarehe saba Februari akanipigia simu, akanisifia theluji! Punje za barafu kama mbaazi, sijui nini, ziwa linavyofuka mvuke, kama mtu anayesifia mchumba. Nikamwambia, "Basi kaa na theluji yako, Arvid. Ikuzike." Nikakata simu.

Tarehe kumi mkamkuta.

Alitoka nje akaziba lile bomba kwa mikono yake, akaingia akalala. Ndivyo ilivyokuwa, na wewe uliona alama za mikono au za koleo. Nimekubali. Alikuwa mtu wa kutii kimyakimya, kukukomoa.

Sasa sikiliza. Siji Aprili. Sitamweka kwa wazazi wake. Nikisimama pale kaburini nitasema nini? Majivu nitayamwaga hapa hapa kwenye bustani ya binti yangu siku nikipata nguvu. Na paa usilifagie tena. Ahsante kwa kazi. Acha theluji ilale juu yake mpaka lishuke, lifunike kila kitu. Na anayegonga, mwambie nimemsikia.

Hilja


Kambi ya Ziwa
25 Januari 1997

Bi Hilja,

Usiyamwage. Nakuomba.

Nimeandika barua tatu nimezitia jikoni kwa shangazi, kwenye moto. Hii naituma kabla haijafuata. Paa naendelea kulifagia, unisamehe kwa kutokutii. Subiri barua nyingine.

Lonnie


Kambi ya Ziwa
9 Februari 1997

Bi Hilja,

Leo ni mwaka.

Mzee Arvid hakuziba bomba. Niliziba mimi.

Sasa nimeliandika, acha niendelee kabla mkono haujaganda. Nitaeleza kwa mpangilio, maana nimeurudia kichwani kila siku.

Utaratibu wake, ule niliosema sitakuchosha nao, ni huu: juu kwanza, kisha bomba, ndipo upande wa pili. Theluji ukiivuta kutoka paani inaanguka ubavuni mwa trela, na bomba la hita liko ubavuni, usawa wa goti, kitundu kama mdomo wa kopo. Kwa hiyo ukimaliza upande huo, kabla hujafanya lolote, unachukua koleo unalichimbua. Alinifanya niseme kwa sauti kama watoto wa shule. Juu kwanza, kisha bomba. Na theluji ya kuanguka kutoka paani, wewe umezaliwa huku, unajua. Inajigonga, inakaa, saa moja baadaye ni saruji. Ile uliyoambiwa imeshindiliwa ndiyo hiyo. Hakuna aliyeishindilia. Ilianguka kutoka kwenye reki yangu.

Siku ile theluji ilikuwa imeanguka siku tatu. Nilianza upande wa nyuma, wa bomba, kwa sababu upepo ulikuwa umerundika huko. Nikaumaliza. Nikaweka reki chini nichukue koleo. Hapo Bi Bernice wa namba 7 akanipigia kelele kutoka mlangoni kwake, nguzo ya kibaraza chake imepasuka na paa linakuja. Nikakimbia. Tukaegemeza ubao, mimi na Burt, Bi Bernice anatutukana wote wawili kwa kuchelewa. Ilichukua kama saa nzima. Niliporudi kwenu, mikono yangu ilikuwa na koleo, la Burt. Nadhani ndiyo sababu. Nilikuwa na koleo mkononi na nimechoka, na kichwa kikaniambia bomba tayari. Nikaenda upande wa mbele nikaendelea kufagia. Sikuzunguka nyuma kutazama. Hatua kumi na tano tu.

Na kuna lingine, ndilo baya kuliko hilo.

Nilipomaliza upande wa mbele akagonga. Lakini hakugonga mara mbili. Aligonga nyingi. Mimi nikasikia nikafikiri ananiita kwa hamu. Alikuwa amenipa ukurasa wa kujifunza wiki ile, habari za meli iliyokwama kwenye barafu, niusome bila kidole chake. Sikuwa nimeujua. Nilijaribu jana yake, herufi zikanichezea. Nikaona aibu kuingia kumwonyesha sijui. Basi nikachukua mpini wa reki nikagonga ukuta kwa nje, mara mbili, kumwambia nimesikia, kesho. Nikaenda namba 9.

Asubuhi Burt aliona mvuke hautoki kwenye trela lenu. Akafungua. Mzee Arvid alikuwa mezani, si kitandani, kikombe chini. Nilisimama nje na wengine. Yule bwana wa kaunti akachimba bomba kwa chuma, akauliza nani anaishughulikia theluji hapa. Mtu mmoja akasema, "Hiyo ni ya upepo tu, bwana." Mimi nikanyamaza. Mimi mtu wa kunyamaza, hakuna aliyeshangaa.

Kwa hiyo hakukutii, Bi Hilja. Hakukukomoa. Asubuhi ya siku ile ya kufagia, kabla sijaanza, alifungua dirisha akaniambia ikiisha dhoruba atakutumia picha ya ziwa, akasema, "Hilja atanitukana, lakini ataibandika ukutani."

Kama utataka niende kwa bwana wa kaunti nikaseme, nitakwenda. Niambie tu. Sitakimbia, sina pa kukimbilia, barabara yenyewe imefungwa.

Lonnie Racette


Kambi ya Ziwa
2 Machi 1997

Bi Hilja,

Hujajibu. Sikulazimishi. Nakuandikia habari ya paa tu, kwa sababu uliniambia nikuandikie ninachokiona.

Wiki iliyopita ilinyesha mvua juu ya theluji, ndio uzito mbaya kuliko wote. Trela la wale wa Wisconsin, wanaokuja kiangazi tu, limeinama katikati kama farasi mzee. Lenu limesimama. Nimeliwekea nguzo mbili kwa ndani ya kibaraza. Kila nikimaliza upande wa nyuma nachimba bomba, ingawa hita imezimwa na hamna mtu. Burt ameniona, akauliza namchimbia nani. Nimemwambia na yeye yote, baadaye, tukiwa kwenye gari lake. Alizima injini. Akasema koleo lilikuwa lake. Hajanitania tangu siku hiyo, na natamani angenitania.

Bado nagongewa.

Lonnie


Lakeland, Florida
13 Machi 1997

Lonnie,

Barua yako ya Februari niliisoma nimesimama kwenye sanduku la barua, kwenye jua, mpaka jirani akaja kuniuliza kama nimepotea.

Sitakudanganya, kwa kuwa wewe mwishowe hukunidanganya. Siku ya kwanza nililala. Nililala kwa muda wa saa kumi na moja, binti yangu akaja kunishika mkono aone kama nipo. Tangu mwaka jana sijalala hivyo. Siku ya pili niliamka nakuchukia. Nilikuchukia nikiosha vyombo, nikiwa kanisani, nikichanganya unga. Hatua kumi na tano. Chuki hiyo sijaimaliza, na sijui kama inaisha. Ndiyo maana sikukujibu. Sikutaka kukuandikia kitu ambacho ungekuja kukisoma polepole, neno moja moja, kwa kidole.

Kwa bwana wa kaunti utakwenda. Lakini utaningoja, tutakwenda wote. Ninataka karatasi yake ile ifutwe ile "pengine". Nakuja Aprili, na Arvid ninakuja naye.

Mwaka mzima umeniacha niamini ametaka kufa. Hilo ndilo gumu kwangu kukusamehe, na ni zito kupita la bomba. Bomba ni kusahau. Lakini na mimi nilimwambia ikuzike, na sikukupigia wewe wala Burt kusema hebu mtazameni. Kila mtu amenyamaza kwa zamu yake.

Sasa nisikilize juu ya kile kinachokugongea. Wewe unakikimbia. Mimi barua yako nimeishika hapo hapo, kwenye mstari huo, karatasi imechakaa. Uliandika aligonga nyingi. Alikuwa ametoka kitandani na mafua yake, miguu imemwisha, akafika mezani, akatafuta kikombe. Mtu anayetaka kufa hagongi, Lonnie.

Nataka kujua alizigonga ngapi. Wewe mwenye macho na masikio, usiniambie hukuhesabu. Niandikie idadi.

Hilja


Kambi ya Ziwa
24 Machi 1997

Bi Hilja,

Barua yako imefika jana. Leo nimefagia, huenda ni mara ya mwisho msimu huu, theluji imeanza kulia maji. Juu kwanza. Kisha bomba. Kisha upande wa mbele. Nikapiga reki chini. Ikagongwa, mara mbili.

Safari hii sikuondoka. Nilipiga hodi nikafungua kufuli nikaingia. Baridi ndani imezidi ya nje. Hamna mtu. Kikombe kiko mezani, Burt alikiokota siku ile akakirudisha, na gazeti liko pale pale, limekunjwa kwenye habari ya meli. Nikakaa upande wangu. Nikausoma ukurasa wote kwa sauti, pumzi inatoka kama moshi. Nilikwama mara mbili. Nikasubiri, kisha nikaendelea. Wale mabaharia walitembea juu ya barafu mpaka nchi kavu, wote.

Nilipotoka sikugongewa tena. Sijui kesho.

Ukija nitakuonyesha nilipokuwa nimesimama, na hatua kumi na tano utazihesabu mwenyewe. Kwa bwana wa kaunti nitaongea mimi. Sitatazama viatu.

Na umeniuliza. Nilihesabu. Siku ile sikujua kwa nini nahesabu, ni tabia yangu. Aligonga kumi na nne. Hapo nikagonga zangu mbili kwa mpini, kumwambia kesho. Nikaanza kuondoka.

Akagonga moja tena.

Kumi na tano, Bi Hilja.

Lonnie